Tensheni ya Noah: ya 20,000 na ya 55,000, ipi nimeifunga

Habari zenu wadau, karibuni tena gereji, hapa Mwanga, Kigoma mwisho wa reli. Mnisamehe kwa kelele. Jirani ananyoosha bodi ya Fuso, na nikimwomba atulie kidogo atanidai soda.

Mezani nina tensheni tatu za taiming belti, yaani puli yenye beringi inayoukaza ule mkanda unaotoka kwenye krenki kuzungusha kamshafti, zote za Noah SR40, ile yenye injini ya 3S-FE iliyolala chini ya viti vya mbele. Hii yenye vumbi jekundu nimeitoa leo asubuhi kwenye gari inayopiga ruti ya Kasulu. Hii ni mpya, nimeinunua 20,000, boksi jeupe, halina hata jina la kiwanda. Na hii ya 55,000 imeagizwa Kariakoo ikaja na basi. Ubavuni mwa beringi imechongwa Koyo, Japan.

Mwenye gari alikuja na mkanda mpya mkononi. Mkanda tu. "Fundi, nifungie huu, tensheni bado inazunguka vizuri." Nikamjibu, sawa bosi, hebu tuone huko kuzunguka vizuri.

Dogo, sogeza kamera. Naipiga kwa kidole... inazunguka... bado... bado inakwenda. Mmeona? Kama feni. Wengi wakiona hivi wanasema nzima kabisa. Wadau, hii imekwisha. Grisi ya ndani imekauka, ndiyo maana hakuna kinachoishika. Sasa hii ya Koyo. Naisukuma, robo mzunguko, imesimama. Nzito halafu laini, kama kukoroga mawese yaliyoganda asubuhi. Beringi mpya ndivyo inavyotakiwa iwe.

Ya 20,000 je? Mizunguko miwili hivi, ikasimama. Grisi imo, ila ya kupakwa kwa huruma. Tatizo langu liko hapa: nashika ukingo wa puli, naitikisa. Sikia. Tik, tik. Haijafungwa hata siku moja na tayari ina mchezo! Ingekuwa gari ya kwenda sokoni na kurudi labda ungenibembeleza. Kwa gari inayobeba watu mpaka Kasulu, siifungi.

Halafu jamani, kuosha beringi kwa petroli tuache. Inatoka inang'aa, inazunguka kama pia, mteja anafurahi, kumbe umeitoa ile grisi iliyokuwa imebaki.

Tuje kwenye springi, ile inayoivuta tensheni ikaze mkanda, maana hapa ndipo watu wanaporuka. Beringi wanabadilisha, springi wanarudisha ya zamani. Sijui kwa nini, maana ni kitu kidogo cha bei ndogo. Weka maiki karibu na sakafu. Hii mpya naiangusha: pu. Mlio umekufa palepale. Pete zake zimebanana, hakuna ya kucheza. Sasa ya zamani: ting! Umeisikia ilivyolia? Imevutika, pete zimeachana, ukiinua kwenye mwanga unaona nafasi katikati. Springi hiyo haiwezi tena kuuvuta mkanda inavyopaswa. Mkanda ukilegea unaruka jino, gari inakosa nguvu, au unapiga stata mpaka betri inachoka na injini haishiki.

Na kinyume chake ni kibaya vilevile, niulizeni mimi. Nikiwa bado mwanafunzi wa ufundi niliwahi kuona mkanda kama umelegea, nikachukua bisibisi kubwa, nikaitega tensheni kama mtaimbo, nikakaza. Nikajiona fundi. Gari ikatoka gereji inalia wiii, kadiri unavyokanyaga mafuta na yenyewe inapandisha sauti. Kumbuka kwenye 3S mkanda huohuo ndio unaozungusha wota pampu na oili pampu. Kabla hatujafika Kidahwe, wota pampu ilikuwa inamwaga maji. Tulivutwa kwa kamba kurudi mjini, na abiria mmoja alikuwa na tenga la migebuka. Sitaki kusimulia zaidi.

Springi ndiyo inayokaza, mkono wako unafunga bolti tu. Alama za krenki na kamshafti zikishakaa, unalegeza bolti ya tensheni, springi inavuta yenyewe. Unazungusha krenki kwa spana, kwa mkono, polepole, upande wa saa, usirudishe nyuma. Mizunguko miwili pungufu kidogo, mkanda unajipanga. Hapo ndipo unafunga bolti, nyutoni mita 42. Ukiwa na spana ya kupimia nguvu ya kukaza, itumie. Halafu malizia mzunguko, angalia alama tena. Zikipishana hata jino moja, fungua uanze upya, usijidanganye.

Kuna mdau aliniuliza mkanda ukikatika kwenye Noah injini inakufa? Kwa 3S-FE hii, hapana. Pistoni na valvu hazifikiani, gari inazima tu unapaki pembeni. Lakini mwenye Surf ya dizeli, ile ya 1KZ, asijifariji kwa jibu hili. Kule valvu zinagongwa, na hapo tunaongelea kufungua silinda hedi.

Kujua muda umefika: angalia kwenye chumba cha injini kama kuna stika ya Kijapani yenye tarehe na kilomita, mafundi wa kule huwa wanaibandika wakibadilisha. Hesabu 100,000 kutoka hapo. Kama huna stika, na dashibodi huiamini, na ni nani anayeamini dashibodi ya gari ya mtumba, badilisha vyote: mkanda, beringi zote mbili, ya tensheni na ya ile puli nyingine ya kupitishia mkanda, na springi. Ukikuta oili kwenye mkanda, tafuta sili inayovuja kwanza.

Kwa hiyo ya Koyo imeingia. Washa, dogo. Sikilizeni... hakuna wiii, hakuna kriii. Ya boksi jeupe nairudisha dukani kesho, risiti ninayo. Springi ya zamani dogo ameiomba. Anasema inatosha kufunga mlango wa banda la kuku.