Asilimia 2 ya mshahara wako inanunua nini? Tathmini ya matawi ya vyama vya wafanyakazi Tabora

Mtumishi wa umma anayelipwa kima cha chini cha shilingi 500,000, kilichoanza Julai 2025, akikatwa asilimia 2 ya ada ya chama anaacha shilingi 10,000 kila mwezi. Kwa mwaka ni 120,000. Hela hiyo ina kazi nyumbani, kwa hiyo ni haki kuuliza inarudi vipi.

Hapa tunapima huduma moja tu: jinsi matawi ya Tabora mjini na ya wilayani, kuanzia Igunga na Nzega hadi Urambo, Kaliua, Uyui na Sikonge, yanavyowakusanya wafanyakazi na familia zao wasikike kwenye maamuzi ya kisiasa. Maana yake bajeti, pensheni, bima ya afya na uchaguzi. Kumtetea mwanachama aliyeandikiwa barua ya kujieleza, au kumsindikiza Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, matawi mengi yanajitahidi na hatuna ugomvi nayo. Kwenye hili la kisiasa tunayapa alama mbili kati ya tano.

Kujiunga ni rahisi mno. Unajaza fomu TUF 6, unasaini, mwajiri anaanza kukata. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka apeleke makato kwa chama ndani ya siku saba baada ya mwezi kuisha. Ugumu unaanza ukitaka kutoka au kuhama chama, jambo la kawaida kwa walimu ambao sasa wana chama zaidi ya kimoja. Sheria inataka notisi ya maandishi ya mwezi mmoja, kwa mwajiri na kwa chama, wote wawili. Wengi huandika kwa chama peke yake, kisha wanashangaa slipu ya mshahara haibadiliki. Wengine hujaza fomu ya chama kipya bila kufuta ya zamani, wakakatwa mara mbili. Piga nakala, gonga muhuri wa kupokelewa masjala, weka kwenye faili lako.

Kuna na wale wasiojiunga ila wanakatwa. Hiyo ni ada ya uwakala: chama chenye wanachama wengi mahali pa kazi kinaweza kukubaliana na mwajiri kwamba hata asiye mwanachama achangie, maana naye anafaidi mkataba wa hali bora. Ada hiyo haitakiwi kuzidi ya mwanachama, na sheria inakataza senti yake kwenda kwa chama cha siasa au kwa mgombea. Ushauri wetu ni mfupi: kama unakatwa hata hivyo, jaza fomu upate kura kwenye uchaguzi wa tawi. Kulipa bila kupiga kura ni hasara tupu.

Uwakilishi mahali pa kazi umepangwa na sheria. Wanachama 1 hadi 9 wana mwakilishi mmoja. 10 hadi 20, watatu. 21 hadi 100, kumi. Wakizidi 100, kumi na tano, na hapo angalau watano wawakilishe wanawake. Hesabu hii ndiyo kipimo cha haraka cha tawi lolote. Shule ya sekondari yenye walimu 25 wanachama inapaswa kuwa na wawakilishi kumi, lakini nenda ukaulize utatajiwa mmoja, na huyo mmoja mara nyingi ndiye mwenye pikipiki. Kazi ya watu kumi ikibebwa na mmoja, taarifa hazifiki Sikonge wala Kaliua. Zinaishia kwenye kundi la WhatsApp ambalo nusu ya watu wamelinyamazisha.

Ukiwauliza viongozi kwa nini hawagusi siasa, jibu ni lilelile: chama cha wafanyakazi si chama cha siasa. Kweli, na hofu hiyo ina historia. Shirikisho la vyama vya wafanyakazi la TFL lililoanzishwa 1955, ambalo Rashidi Kawawa alikuwa katibu mkuu wake wa kwanza, lilivunjwa 1964 baada ya maasi ya jeshi. Ikaja NUTA iliyofungamana na TANU, kisha JUWATA iliyokuwa jumuiya ya CCM, na ni miaka ya 1990 ndipo vyama vilianza kusimama vyenyewe. Ila Tabora ni mji wa ajabu kuogopa mjadala huu. Hapa ndipo mkutano mkuu wa TANU ulipokaa Januari 1958 na kukubali kuingia kwenye uchaguzi wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alichagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, ule Uamuzi wa Busara. Masharti ya kupiga kura yalikuwa pamoja na elimu ya darasa la nane au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, kwa hiyo Mwafrika aliyestahili mara nyingi alikuwa karani, mwalimu au mtu mwingine wa mshahara. Miaka miwili baadaye wafanyakazi wa reli waligoma karibu miezi mitatu.

Kinachokatazwa kinajulikana. Mtumishi wa umma anaweza kuwa mwanachama wa chama cha siasa na kupiga kura. Asifanye kampeni kazini wala saa za kazi. Kudai bajeti ya zahanati si kampeni. Kuwakumbusha wanachama daftari la wapiga kura nako si kampeni, na hapo ndipo matawi yanapoteza alama za bure kabisa.

Mtumishi huhamishwa. Mwalimu aliyeandikishwa Igunga akapelekwa Urambo hawezi kupiga kura ya mbunge wala diwani wa Urambo mpaka ahamishe taarifa zake. Uboreshaji wa daftari ulizinduliwa jirani zetu Kigoma tarehe 20 Julai 2024, na kila eneo lilipewa siku saba. Tume ya Uchaguzi ilikuwa na mfumo wa kuanza mchakato mtandaoni, lakini lazima ufike kituoni kukamilisha kwa picha, alama za vidole na saini. Tawi makini lingebandika ratiba ya vituo mbaoni, likapanga zamu na mganga mfawidhi au mkuu wa shule ili watu wasitoroke kazini, na likauliza kila aliyehamia ndani ya miaka mitano kama taarifa zake zimemfuata. Tena lingewaambia wanandoa pia, maana mwalimu akihama na mwenziwe anahama.

Uchaguzi wa serikali za mitaa wa 27 Novemba 2024 ulikuwa na mtego mwingine. Orodha yake iliandikwa upya mitaani na vitongojini, tarehe 11 hadi 20 Oktoba, tofauti kabisa na daftari la Tume. Mtu mwenye kadi mpya ya Tume mfukoni angeweza kukosa kura ya mwenyekiti wa mtaa wake. Na mwenyekiti wa mtaa ndiye anayeitisha mkutano unaoamua mchango wa darasa la watoto wako. Hili linafaa kurudiwa mapema kabla ya 2029.

Sasa bajeti, ambako tunaona udhaifu mkubwa zaidi. Matawi hutumia nguvu na fedha nyingi kwenye Mei Mosi: fulana, kofia, mabango, nauli za kuja uwanjani. Ifikapo tarehe 1 Mei, Bunge la bajeti lililoanza Aprili limeshakaa, na mipango ya halmashauri imeshapita kwa madiwani miezi kadhaa nyuma. Dai la nyumba za walimu Uyui linalosomwa Mei Mosi limechelewa kwa mwaka huo wa fedha. Mahali pake ni Baraza la Wafanyakazi, chombo kilichotokana na Agizo la Rais Na. 1 la 1970, ambako rasimu ya bajeti hupita kabla ya kwenda kwa madiwani. Tawi linalofanya kazi hukusanya hoja Novemba, kila hoja ikiwa na idadi na mahali (nyumba ngapi, zahanati ipi, madai ya likizo ya watumishi wangapi), huzipeleka barazani kwa maandishi, kisha hutuma watu wakakae kwenye mkutano wa Baraza la Madiwani, ambao ni wa wazi. Huduma hii haihitaji fulana hata moja.

Kwamba shinikizo linalipa, kikokotoo, yaani hesabu ya mafao ya pensheni, kinaonyesha. Kanuni za 2018 zilizoweka malipo ya mkupuo, yale anayopewa mstaafu kwa mara moja, kuwa asilimia 25 zilizua kelele nchi nzima, zikasitishwa Desemba mwaka huohuo. Mwaka 2022 ikaja asilimia 33, na hotuba ya bajeti ya Juni 2024 ikapandisha hadi 40. Kelele zisizopangwa vizuri nazo zina bei yake: Mei 2010 shirikisho la vyama vya wafanyakazi TUCTA lilitishia mgomo likidai kima cha chini cha shilingi 315,000, na Rais Kikwete akajibu hadharani kwamba yuko tayari kuzikosa kura za wafanyakazi. Uchaguzi ulikuwa Oktoba mwaka huohuo.

Watu wachache wanajua kwamba sheria ya 2004 inaruhusu pia kusimamisha kazi kwa kupinga sera inayogusa maslahi ya kiuchumi na kijamii, nje ya mgogoro na mwajiri wako. Masharti ni makali: iitishwe na chama au shirikisho lililosajiliwa, notisi yenye sababu, muda na namna ipelekwe kwenye Baraza la Kazi, Uchumi na Jamii, siku 30 zipite, kisha notisi ya kuanza ya siku 14. Muuguzi wa hospitali ya Kitete hahusiki, maana afya ni huduma muhimu. Tawi likikuambia "tugome kesho", limekuweka kwenye hatari ya kufukuzwa.

Familia ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote. Mikutano ya tawi huitwa saa 9 alasiri siku ya kazi, wakati mama anawaza watoto na muuguzi wa zamu ya usiku ndiyo kwanza anaamka. Tawi moja mjini lilihamishia mkutano Jumamosi asubuhi na kuruhusu wenza kuingia kwenye ajenda za bima, ukumbi ulijaa. Wenza hao ndio wanaojua dawa ipi haipatikani dirishani. Ajenda nyingine inayowagusa ni asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotolewa kama mikopo, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu. Na binti wa kazi aliyebaki na watoto wakati wa mkutano naye ni mfanyakazi, ana chama chake CHODAWU, na mara nyingi mwajiri wake mwanachama mzuri wa tawi hajampa mkataba.

Vijana wa ujenzi wa reli ya kisasa wasichanganye vyama: wa ujenzi huenda TAMICO, TRAWU ni ya wenye ajira ya reli. Mikataba yao ni mifupi na kambi zinahama, hivyo waulize kabla ya kusaini TUF 6 ni nani mwakilishi kambini na ataonekana lini. Kama jibu ni namba ya simu ya Dar es Salaam, subirini kwanza.