Aladin Lite: kusaka kwasari zilizofichwa na vumbi ukiwa na simu tu

Nianze na bei, maana ndiyo huulizwa kwanza: Aladin Lite, ramani ya anga ya mtandaoni, ni bure. Hakuna kujisajili wala kupakua programu. Unaifungua kwenye kivinjari na anga zima liko mkononi. Wanaoiendesha ni kituo cha data za anga cha Strasbourg, Ufaransa. Mimi nafundisha fizikia sekondari, Morogoro, na naitumia zaidi kwa uraibu wangu mmoja: kwasari zilizojificha kwenye vumbi.

Kwasari ni kiini cha galaksi ambamo shimo jeusi kubwa mno linameza gesi, na gesi hiyo kabla ya kumezwa inawaka kuliko nyota zote za galaksi yake. Ile ya 3C 273, ambayo Maarten Schmidt alitambua umbali wake mwaka 1963, inaonekana kama nyota ya bluu, na kwa miaka mingi watu walisaka vitu vya bluu. Zenye vumbi zikawapita. Ni kandili yenye chemni iliyojaa masizi: mwanga huuoni, ila ukigusa kioo unaungua. Vumbi linameza mwanga wa kawaida, linapata joto, kisha linautoa upya kama infraredi, yaani mwanga wa joto ambao macho hayauoni.

Hapo ndipo Aladin inaponikosha. Andika 22 46 07.57 -05 26 35.0, ambayo ni anwani ya mahali angani, kwenye kisanduku cha kutafutia. Utatua kwenye kundinyota la Ndoo. Anza na picha za DSS, za mwanga wa kawaida, ambazo asili yake ni sahani za picha zilizopigwa Palomar, Marekani, na Australia. Katikati patupu. "Mwalimu, mbona hamna kitu?" ndilo swali la kidato cha sita kila mwaka. Ongeza tabaka la rangi la AllWISE, yaani picha za infraredi za darubini ya angani WISE, sukuma kitelezi cha uwazi taratibu, na nukta nyekundu inachomoza palepale. Wekundu huo si pambo: picha hiyo imepewa nyekundu kwa urefu wa wimbi wa mikromita 22, kijani kwa 4.6 na bluu kwa 3.4. Galaksi hiyo, W2246-0526, ilitangazwa mwaka 2015 kuwa inang'aa kuliko Jua zaidi ya mara trilioni 300, na mwanga wake umesafiri miaka bilioni 12.4.

Lakini picha peke yake inadanganya, kwa hiyo washa na katalogi ya AllWISE, yaani orodha ya vyanzo vya mwanga na vipimo vyake. Gusa chanzo, jedwali linafunguka, chukua W1 utoe W2, ambavyo ni vipimo vya mng'ao kwenye mikromita 3.4 na 4.6. Ikifika 0.8 au zaidi, umepata mtuhumiwa. Mtuhumiwa tu, nasisitiza, kwa sababu vibete kahawia baridi, yaani vitu vidogo kuliko nyota, majirani zetu humuhumu, wana rangi hiyohiyo. (Ile ya Ndoo ilinaswa kwa njia nyingine: imefifia mno kwenye W1 na W2, inawaka kwenye mikromita 12 na 22.) Sasa rudi kwenye mwanga wa kawaida: tazama picha za Pan-STARRS kama pana galaksi hafifu, na orodha ya SDSS kama spektra, yaani mwanga uliotawanywa kwa rangi zake, imeshapimwa. Bila spektra hujui umbali.

Jambo moja la kuzingatia: kioo cha WISE kilikuwa na kipenyo cha sentimita 40 tu, hivyo vitu vilivyokaribiana chini ya sekunde 6 za tao (sekunde moja ya tao ni 1/3600 ya digrii) vinaungana kuwa doa moja, na kwenye mikromita 22 ni 12. Aladin haina la kufanya hapo. Ukivuta karibu, ukungu unakuwa mkubwa zaidi, basi.

Bando? Haili sana, inapakia vipande vya anga unavyoangalia tu. Simu kongwe itahema ukiweka tabaka nyingi, na menyu zote ni za Kiingereza cha wataalamu. Hapo nimepunguza nyota moja. Nne kati ya tano. Ukitaka kuchuja maelfu ya vyanzo kwa mpigo, tumia VizieR, hifadhi ya katalogi ya kituo hichohicho.

Anayeanza aende kwanza 3C 273 azoee kwasari isiyofichwa na vumbi, kisha Markarian 231 yenye vumbi, halafu abadilishe tabaka mwenyewe.