Pushrodi au cheni ya taimingi: injini ipi kelele zake ni rahisi kuzifuatilia?

Pikipiki za mtindo wa Honda CG125 zina kamshafti (shafti inayofungua valvu) chini, inayozungushwa na gia na kusukuma valvu kupitia pushrodi, yaani vijiti virefu. Bajaj Boxer kamshafti yake iko juu, kwenye silinda hedi, na inavutwa na cheni ya taimingi. Ubishi wa kelele unaanzia hapo.

Kwenye CG, "tik tik" ya juu mara nyingi ni tapeti, yaani nafasi kati ya roka (mkono unaobonyeza valvu) na valvu. Injini ikiwa baridi kabisa, pistoni juu mwisho wa kubana (alama ya T), weka nafasi ya 0.08 mm valvu zote mbili. Ikizidi kugonga, kagua roka na pushrodi. Kama ni kamu (nundu ya kamshafti) iliyolika kwa kukosa oili, injini inafunguliwa, na hapo CG inakuwa ghali.

Boxer nayo ina tapeti, tena ina mkwaruzo wa cheni ubavuni mwa silinda, hasa injini ikiunguruma bila kupewa mafuta (sailensa) au ukiachia mafuta. Gusisha bisibisi ndefu kwenye tenshena (kikaza cheni), mpini sikioni. Tenshena ni rahisi kubadilisha; cheni yenyewe inadai kuvua magneti (gurudumu la sumaku la kuzalisha umeme) kwa pula, kifaa cha kuling'oa, si kwa nyundo! Usiiahirishe: ikiruka meno, valvu zinaweza kugonga pistoni.

Kwa mwendo wa kasi wa lami, cheni inashinda. Anayebeba mizigo vijijini, mbali na fundi mwenye pula, CG haitamsumbua sana. Oili ikipungua, zote zinalia.