Uzoefu wangu na Mastodon: akaunti moja, mitandao kadhaa

Ninachoipendea Mastodon, mtandao wa kijamii unaoendeshwa na seva nyingi zinazojitegemea (kompyuta zinazohifadhi akaunti za watu), ni kwamba hainilazimishi kuhamia waliko rafiki zangu. Mmoja huweka picha zake Pixelfed, mwingine ana chaneli ya video PeerTube, na wote nawafuata kwa akaunti yangu ileile. Video mpya ikitoka naiona kwangu. Nikiandika maoni, yanatokea kulekule chini ya video. Huko PeerTube sijawahi hata kujisajili.

Kinachowezesha haya ni itifaki ya ActivityPub, yaani kanuni za pamoja za mitandao kuwasiliana, iliyopitishwa na W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, kuwa kiwango rasmi mwaka 2018. Jina la akaunti lina sehemu mbili kama anwani ya barua pepe: wewe ni nani, na uko seva gani. Hata Threads, mtandao wa Meta, uliwafungulia watumiaji wake njia hii mwaka 2024, ingawa machapisho hayatoki nje mpaka mwenye akaunti aruhusu. Mtandao wa Bluesky una itifaki yake, kwa hiyo kuonana na walio huko kunahitaji daraja, yaani huduma ya kuunganisha mitandao, kama Bridgy Fed.

Nilikopima kweli ahadi ya mfumo huu ni pale seva niliyoanzia ilipotangaza kwamba inafungwa. Nilifungua akaunti kwenye seva nyingine, nikaielekeza ile ya zamani huku, na wafuasi wakahamishwa bila wao kubonyeza chochote. Orodha ya ninaowafuata niliipakua kama faili nikaipandisha upya. Mitandao mingapi mikubwa inakuruhusu kuondoka na watu wako? Lakini machapisho hayakuja. Seva ilipozimwa yalipotea nayo, na nakala niliyoihifadhi kwenye kompyuta Mastodon haiwezi kuirudisha kwenye akaunti mpya. Hili linaniuma, maana mazungumzo ya watu yana thamani sawa na orodha ya majina yao.

Majibu nayo huwa pungufu ukifungua mjadala uliotoka seva nyingine, kwa sababu seva yako huonyesha yale iliyoyapokea tu. Matoleo ya karibuni ya Mastodon yanajaribu kuyafuata yaliyosalia, na nafuu inaonekana. Ujumbe wa faragha usiuamini kwa siri nzito: haujasimbwa mwisho hadi mwisho (kufungwa ili usomwe na mtumaji na mpokeaji tu), na msimamizi wa seva ana uwezo wa kuusoma.

Msimamizi huyohuyo anaweza pia kuizuia seva nzima ya wengine, na hapo rafiki uliyekuwa ukimfuata anakatika ingawa hamjakosana. Mimi naunga mkono uwezo huo, kwani ndio unaowakinga watu dhidi ya seva za matusi na taka. Ila kabla hujajisajili, fungua ukurasa wa maelezo ya seva, usome kanuni zake, na uangalie kama wametaja seva walizozuia na sababu zake. Seva isiyosema lolote kuhusu hilo mimi naiacha, natafuta nyingine.