PreserVision AREDS 2: kabla hujalipa, itafute ile namba 2

Kapsuli hizi za vitamini na madini ya macho mama anazimeza kila siku tangu daktari wa macho alipomwambia ana ugonjwa wa makula, hatua ya kati, macho yote mawili. Makula ndiyo sehemu ndogo ya katikati ya retina tunayosomea herufi na kutambulia sura za watu. Mama alianza kuona nondo za dirisha zimepinda.

Daktari alitwambia wazi: dawa hii hairudishi nuru iliyopotea. Kazi yake ni kuchelewesha. Utafiti wa kwanza wa AREDS (utafiti wa magonjwa ya macho ya uzeeni) nchini Marekani, uliotolewa mwaka 2001, ulionyesha kuwa kwa wagonjwa wa hatua ya kati, hatari ya kufika hatua ya mwisho hupungua kwa kama asilimia 25 katika miaka 5. Kwangu mimi hiyo si haba. Lakini kama mzazi wako ana mtoto wa jicho au presha ya macho, usimnunulie. Hela hiyo mpeleke nayo kliniki.

Sasa hiyo namba. Fomula ya zamani ilikuwa na beta-karotini (rangi ya karoti inayogeuka vitamini A mwilini), ambayo huwaongezea wavutaji sigara hatari ya saratani ya mapafu. AREDS2, utafiti wa pili, mwaka 2013, iliweka mahali pake luteini miligramu 10 na zeaksanthini miligramu 2, rangi za njano za mimea zilizomo pia kwenye makula. Mjomba wangu amevuta sigara miaka mingi na ana tatizo hilohilo la macho, kwa hiyo nyumbani kwetu haiingii chupa isiyo na 2. Duka moja la dawa hapa Mombasa lilinipa chupa nyingine yenye picha ya jicho kubwa. Kusoma nyuma, luteini miligramu 3 na zinki haimo kabisa. Nikairudisha. Someni nyuma ya chupa, jamani.

Zinki yake ni nyingi na tumbo tupu hailitaki, mtu hupata kichefuchefu. Mama humeza baada ya mahamri na mbaazi, ya pili baada ya chakula cha usiku, na haimsumbui.

Mboga hatujaacha. Luteini imejaa kwenye mchicha, sukuma wiki na kiini cha yai, na mwili huipokea vizuri ikiwa na mafuta, kwa hiyo mchicha wa nazi wa mama uko palepale mezani. Ambaye macho yake bado mazima, mimi ningemwambia aanzie hapo na aache sigara, vidonge asivinunue.

Nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu kapsuli ni kubwa kwa koo la mtu mzima, bei yake ni nzito kwa dawa isiyo na mwisho, na ganda lake ni la jelatini. Anayechunga halali aulize asili yake kwanza.