Kikao cha jamaa wa waraibu Mombasa: kinafaa, ila saa zake haziwafai wote

Huduma ninayoitathmini hapa haimhudumii mraibu mwenyewe bali watu wa nyumbani kwake. Ni kikao cha ushauri nasaha kinachoandaliwa na kituo kimoja kisiwani Mombasa kwa wazazi, wake na ndugu wanaotaka kujua namna ya kuzungumza na mpendwa wao kuhusu pombe au unga, yaani heroini. Jina la kituo sitalitaja, kwa kuwa wengi tulioketi pale tunafahamiana mitaani, na kila mmoja alikuja akiamini kwamba habari za nyumba yake zitasalia mle chumbani.

Sehemu iliyo bora kuliko zote ni zoezi ambalo mshauri huigiza mraibu, naye jamaa humzungumzisha mbele ya wenzake. Mama mmoja alianza kwa kusema, "Umetutia aibu," na papo hapo mshauri akainuka kuelekea mlangoni. Alipotakiwa aanze upya, aseme tu alichokiona na kilichomuumiza, bila kumwita mwanawe teja, maneno yalibadilika: "Mwanangu, juzi usiku nilikukuta umelala ukumbini, nikakuamsha huamki, nikaogopa usije ukanifia." Safari hii mshauri alibaki kitini, akamjibu. Tulielezwa pia kwamba aliyetoka mangweni, kunakouzwa pombe ya mnazi, hazungumzishwi hadi mnazi umtoke kichwani, na kwamba mtumiaji wa unga hazungumzishwi akiwa na arosto, yaani makali ya kuukosa unga, kwa sababu mwili wote unamuuma na akili yake haitafuti ila dozi. Kukusanya wajomba na kina ami wote wamzunguke kijana mmoja kulikataliwa kabisa, jambo lililowaudhi wazee wawili waliokuwapo, ingawa kwa maoni yangu mshauri alikuwa na haki.

Mjadala mzito ulihusu sitara. Sisi watu wa pwani tumelelewa kusitiriana, na mshauri hakulibeza hilo. Alichofanya ni kutofautisha kumsitiri mtu, yaani kutomtangaza mtaani, na kumlipia madeni ya maskani au kumwambia mwajiri wake kwamba ana homa kila anapokosa kazini. La kwanza humhifadhia heshima, la pili humwondolea sababu ya kutafuta tiba. Laiti mada hii ingepewa kikao chake peke yake.

Upungufu niliouona uko kwenye tiba, ambayo iliguswa kwa haraka mno. Baba mmoja aliuliza kama anaweza kumfungia chumbani mwanawe anayekunywa chang'aa kila siku mpaka aache, akajibiwa tu kwamba si vizuri. Alistahili kuambiwa wazi kwamba mlevi wa muda mrefu akikatishwa pombe ghafla anaweza kupata kifafa na kuchanganyikiwa akili hata akafa, kwa hiyo aachishwe chini ya uangalizi wa daktari. Vivyo hivyo, methadoni, dawa anayopewa mraibu wa unga badala ya unga wenyewe, iliyoanza kutolewa Kenya mwaka 2014 na ambayo kwa Mombasa kuna kliniki yake Kisauni, ilitajwa kwa sentensi moja, ilhali jamaa wengi bado wanadhani ni kubadilisha ulevi kwa ulevi. Kumshauri mtu akubali tiba usiyoweza kumweleza ni kazi ngumu.

Tatizo jingine ni saa. Vikao hufanyika asubuhi za siku za kazi, hivyo wanaofanya kazi bandarini na madereva wa matatu hawafiki, na wanaobeba mzigo huu karibu wote ni kina mama. Kikao kimoja baada ya Magharibi kingewaleta kina baba.

Pamoja na hayo, ningemshauri yeyote ambaye bado hajafungua mazungumzo na mgonjwa wake apite pale kwanza, hasa kwa ajili ya lile zoezi. Asiyeweza kufika anaweza kupiga 1192, laini isiyotozwa malipo ya NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ambayo hupokea pia simu za jamaa.