Uzoefu wangu: fundi aliyeifufua cherehani ya bibi, kisha akabaki na kikasha chake

Nimejizuia kwa muda kuandika haya kwa sababu sipendi kumharibia mtu riziki yake, lakini kila ninapokaa kushona na kidole changu kikagusa kile kikasha cha bobini, yaani kichuma kidogo kinachoshika bobini ya uzi wa chini, hasira hunirudia upya kana kwamba jambo limetokea jana. Fundi mwenyewe simtaji. Ana kibanda hapa Dodoma mjini, si mbali na Majengo, na wanaoshona kwa cherehani za zamani huenda watamtambua.

Cherehani ni Singer ya miguu, yenye namba inayoanza na herufi E, yaani ilitengenezwa Clydebank, Uskoti. Babu alikuwa akisimulia jinsi ilivyoteremshwa kwenye treni pale stesheni ya Gulwe, ikapelekwa Mpwapwa, ambako bibi aliishonea sare za shule hadi macho yake yalipochoka. Baada ya msiba ilikaa stoo zaidi ya miaka kumi, katikati ya magunia ya mtama. Nilipoichukua, gurudumu la mkono lilikuwa halisogei hata kidogo, mafuta ya zamani yalikuwa yameganda kama gundi, na mkanda wa ngozi, kwa ukavu wa hewa yetu ya kiangazi, ulikuwa umepasuka vipande vipande.

Lazima niseme ukweli kuhusu kazi aliyoifanya, kwa maana ilikuwa nzuri. Hakugusa nyundo. Alidondosha mafuta ya taa katika kila tundu la kupakia mafuta, akaiacha usiku kucha, kesho yake akarudia, na kila mara alilishika gurudumu kwa viganja viwili akalijaribu taratibu mbele na nyuma, upana wa kucha tu, hadi siku ya nne au ya tano lilipoachia. Baada ya hapo alifuta uchafu wote kwa kitambaa na kupaka mafuta halisi ya cherehani. Mkanda mpya aliupima, akaukata, akatoboa ncha zake na kuziunganisha kwa pini ya waya, akanieleza kwamba ukikaza mno miguu itachoka, na ukilegea utateleza juu ya gurudumu bila kulizungusha. Alipokanyaga na sindano ikaanza kupanda na kushuka, nilisikia mlio ule ule niliolala nikiusikia utotoni, na machozi yalinitoka mbele ya wateja wake. Nililipa alichotaja bila kuomba punguzo.

Nyumbani nilitandika kipande cha shuka na kuanza kushona. Uzi wa chini ulitokeza juu ya kitambaa, na uzi wa juu ulilala umenyooka kama kamba ya kuanikia nguo, na ukiuvuta kidogo unachomoka wote. Nilibadilisha sindano. Nilihakikisha ubapa wake unatazama kushoto na uzi unaingia kutoka kulia, kama bibi alivyonifundisha. Nililegeza kikaza uzi cha juu hadi kikawa hakishiki kitu. Mshono haukutengemaa, na kwa siku mbili nilijilaumu mwenyewe, nikiamini kwamba nimesahau kushona.

Ndipo nilipofungua kibati cha kushoto na kuchomoa kikasha cha bobini. Kilikuwa kinang'aa, chepesi, kipya. Kikasha cha bibi kilikuwa kimefifia rangi na kilikuwa na alama ya msalaba mdogo ambayo aliichora kwa ncha ya msumari ili wanafunzi wake wasikichanganye na vyao. Nilikishika hiki kipya kwa ncha ya uzi nikakiacha kining'inie. Kikasha kizuri hutulia hapo, na ukikitikisa kidogo hushuka kidogo kisha husimama. Hiki kiliteleza moja kwa moja hadi sakafuni. Nilijaribu kukaza skrubu yake ndogo, lakini bati linalobana uzi lilikuwa limepinda, kwa hiyo ama linaachia kabisa ama linakata uzi.

Nilirudi kibandani asubuhi yake. Nilimsalimu "Mbukwenyi" kama tulivyosalimiana siku zote, naye hakuitikia. Nilipomwonyesha kikasha, alisema bila kuinua macho: "We mama, kati yangu na wewe nani fundi?" Wiki nzima iliyotangulia nilikuwa "mama yangu". Alidai kwamba vikasha vyote vya aina ile vinaingiliana, kwamba amenipa kipya badala ya kichakavu, na kwamba nilipaswa kumshukuru. Wateja wawili wakacheka.

Ni kweli vinaingiliana. Hilo nalijua, na ndilo linalonichoma zaidi, kwa sababu hata yeye alijua tofauti iliyopo. Kiwanda cha Clydebank kilifungwa mwaka 1980, chuma cha namna ile hakitoki tena huko, na fundi anayeshinda na cherehani hizi hawezi kukivua kikasha kizima kilichofanya kazi miaka mingi akaweka bati lililopinda kwa bahati mbaya. Angeniambia anakihitaji, tungezungumza. Angeniomba nimuuzie, ningekataa kwa heshima. Yeye alikichukua kimya kimya, kisha akanifokea mbele za watu katika mkoa ambao bibi yangu aliheshimika kwa kazi ya mikono yake.

Sikuondoka. Nilisema nakitaka chenye msalaba, nikarudia, nikakaa kwenye benchi lake. Baada ya muda mrefu alivuta kopo la maziwa ya unga lililojaa vikasha, skrubu na sindano, akalimimina mezani, na kabla hajasema neno nilikuwa nimeshakiona. Sikujizuia kuhesabu vilivyobaki: vilikuwa zaidi ya kumi, vyote vimefifia rangi, na kila kimoja kilitoka katika cherehani ya mtu.

Jioni hiyo nilikirudisha mahali pake na nikapinda pazia zima bila uzi kukatika hata mara moja. Nilipoanza kuandika nilikusudia kusema msiende kwake kabisa. Lakini mama mdogo ana cherehani yake Kibaigwa ambayo imegoma vile vile, na katika mafundi wote niliowauliza, wengine waliniambia niiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Ni huyu peke yake aliyekuwa na subira ya kulishika gurudumu siku tano bila nyundo. Huenda nikampelekea. Nikimpelekea, kikasha na bobini zake vitabaki kwenye mkoba wangu, na sitaondoka pale hadi amalize.